UZI: Picha ya HD inaganda, wingu likipita inapotea kabisa. Nilivyopanda bati mwenyewe hapa Kigamboni

Mzee wa Feri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, atarudi jioni na kikombe cha chai.

Mwaka jana nilinunua TV ya inchi 43 na kubadilisha king'amuzi, nikatoka kwenye kile cha zamani nikaenda cha HD. Fundi akaja, akapanda, akashuka baada ya dakika ishirini, nikamlipa, tukaagana vizuri. Wiki mbili nikawa mfalme wa mtaa, watu wanakuja kutazama mpira sebuleni kwangu kama ukumbini. Kisha ikaanza. Mchezaji anakimbia, ghafla anaganda mguu ukiwa hewani, uso unakatika vipande vya mraba, halafu kioo cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Ikafika mahali wingu likionekana tu upande wa baharini watoto wanasema, "Baba, inakuja."

Nikamwita fundi. Akasema dishi dogo. Nikanunua kubwa, yakawa yaleyale. Akasema LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, imekufa. Nikanunua nyingine, siku mbili nzuri, ya tatu tukarudi palepale. Mara ya tatu simu yake haikupatikana. Simtaji, na kampuni ya king'amuzi siitaji pia, maana nilikuja kugundua haikuwa na kosa lolote.

Jumapili moja nikaazima ngazi, nikachukua spana namba 10 na 13, kisu na utepe mweusi, nikapanda. Kitu cha kwanza nilifungua koneka pale inapoingia kwenye LNB. Yakamwagika maji. Sisemi unyevu, nasema maji, kama unavyopindua kizibo cha chupa. Ule waya wa katikati, ambao unatakiwa uwe shaba inayong'aa, ulikuwa wa kijani. Nikakata sentimita tano, kijani. Kumi, kijani. Nilikata karibu nusu mita ndipo nikakuta rangi ya shaba. Dishi mbili na LNB mbili nimenunua, kumbe mgonjwa ni waya. Na sisi tunaokaa karibu na bahari ile hewa ya chumvi haina huruma.

Si hayo tu. Nikaufuata waya juu ya bati, katikati nikakuta pameungwa. Pamesokotwa kama waya wa taa, kisha pamefungwa na mfuko wa nailoni. Wakuu, mfuko wa nailoni! Waya wa dishi si wa kusokota. Ndani kuna shaba, kuna povu jeupe, halafu wavu na karatasi ya fedha inayozunguka. Mawimbi yanasafiri ndani ya ile nafasi baina ya shaba na wavu, na LNB inayateremsha yakiwa kwenye masafa ya MHz 950 hadi 2150. Ukisokota umebomoa ile nafasi. Taa ingewaka vizuri tu, ila picha ya HD haiwaki.

Nilichofanya: nilinunua waya mpya, RG6 wa ohm 75, kipande kimoja kutoka kwenye LNB hadi nyuma ya king'amuzi bila kiungo. Dukani nilikwenda na kisumaku kidogo. Ukikigusisha kwenye waya wa katikati kikanata, ujue huo ni chuma kilichopakwa shaba kwa juu. Kwa mita tano sita hutaona tofauti, kwa mita ishirini na zaidi umeme unaopanda kuilisha LNB unapungua njiani. Koneka nikaifunika na mpira wake, juu nikazungusha utepe kuanzia chini kwenda juu ili maji yateleze. Kisha, na hili nilielekezwa na jirani yangu fundi friji, kabla waya haujaingia ndani ya nyumba uache uning'inie kama kitanzi. Mvua inafuata waya, ikifika chini ya kitanzi inadondoka. Mimi kabla ya hapo maji yalikuwa yanaingia ndani kwa kufuata waya, na ile alama ya kahawia ukutani nilikuwa naisingizia panya.

Sasa kulenga. Hapa ndipo nilipopoteza saa tatu za maisha yangu. Kwenye ukurasa wa king'amuzi kuna mistari miwili, wa juu Strength, wa chini Quality. Nguvu na ubora. Mimi nilikuwa natazama nguvu, nikiona asilimia 80 nafurahi, na picha hakuna. Nguvu inapanda hata dishi likitazama mwembe! Ni kelele tu za LNB yenyewe na urefu wa waya. Mstari wa ubora ndio unaosema umekamata setelaiti uliyoitaka. Funga macho kwa ule wa juu.

Na usizungushe dishi kama usukani wa daladala. Sogeza kidogo, subiri sekunde tatu, king'amuzi nacho kinahitaji muda wa kutambua. Mke wangu alikuwa ndani anasoma namba, mimi juu, tunawasiliana kwa simu. "Sifuri. Sifuri. Sifuri. Ishirini! Imepotea, umefanya nini?" Ndoa ilipita kwenye majaribu. Tukaishia kwenye 78, nikakaza nati kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, maana ukikaza moja hadi mwisho inalivuta dishi na namba inashuka.

Tangu hapo mvua imenyesha mara nyingi. Nitajibu maswali nikitoka kazini.

Kichwa Ngumu

Nimeweka kambi hapa. Swali moja tu mkuu, yule fundi uliyemlipa ana uzi wake humu? Isije ikawa anasoma.

Fundi wa Bati

Anasoma, ila si mimi, ha ha.

Mkuu umeongea ukweli mwingi, lakini ngoja niwatetee wenzangu kidogo. Mteja anakulipa hela ya kufunga, anakupa waya aliochagua mwenyewe kwa sababu ulikuwa rahisi, umepungua mita tatu, hataki kuongeza. Unafanyaje? Wengine wanasokota. Mimi nashuka naondoka, ndiyo maana sina wateja wengi.

Nyongeza ya kulenga kwa walioko Dar. Azam wako nyuzi 7 mashariki, kwenye setelaiti za Eutelsat. DStv wako nyuzi 36 mashariki. (Nyuzi za anga, siyo nyuzi za humu.) Hizi setelaiti zote zimekaa juu ya ikweta, kama kilomita 35,786 kutoka ardhini, hazisogei ukizitazama ukiwa hapa. Sisi tuko longitudo ya 39, kwa hiyo ile ya 7 iko mbali kwetu kuelekea magharibi: unatazama magharibi ukiegemea kaskazini kama nyuzi kumi, na unainua hadi kama 52. Ile ya 36 iko karibu juu ya utosi, nyuzi 81 kwa hesabu za Dar, ikiwa imeegemea kaskazini. Ukienda Arusha ndiyo inakaribia kuwa wima kabisa. Baadhi ya mabano hayafiki huko, ndiyo maana unaona mafundi wamepinda bomba lenyewe.

Tembea mtaani uone, hayo madishi ya nyuzi 7 yote yametazama upande mmoja kama waumini. Hiyo ni dira ya bure. Dira ya simu nayo inasaidia, ila usiisome ukiwa umeisogeza kwenye bomba la chuma au juu ya bati, itakudanganya.

Kingine kinachowachanganya watu: haya madishi yetu madogo yana mkono wa LNB unaotokea chini, hayatazami pale sura yake inapoelekea. Yanatazama juu zaidi, kama nyuzi 20 na kitu. Ukilitazama utasema linalenga dirisha la jirani, kumbe liko sawa. Watu wanalipandisha "litazame mbingu" na hapo ndipo wanapoipoteza.

Na muwe na subira. Dishi la sentimita 90, ukingo wake ukisogea hata sentimita moja haifiki, umeshapoteza nusu ya mawimbi. Ndiyo maana bomba lililofungwa kwenye ubao uliooza halifai, upepo wa kusi ukija kila siku unalenga upya.

Binti Kariakoo

Samahani kaka zangu, mimi langu haligandi. Ubora ni 85, mvua ikinyesha inavumilia. Shida yangu nimenunua king'amuzi cha HD, TV ya HD, nalipia kifurushi chenye chaneli za HD, lakini picha naiona ileile ya zamani. Sura za watu zina ukungu, yale maandishi madogo ya chini kwenye taarifa ya habari siyasomi. Dada yangu ananicheka kwamba nimeibiwa.

Mzee wa Feri

Dada, king'amuzi kimeungwa kwenye TV kwa waya gani? Ule wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe?

Binti Kariakoo

Sijui, fundi ndiye aliyeunga. Niko kazini, nikifika nitaangalia.

Mzee wa Feri

Angalia. Ule wa rangi tatu picha yote inapita kwenye kichwa cha njano peke yake, na haubebi zaidi ya picha ya kawaida, yaani nukta 720 kwa 576. HD inaanzia 1280 kwa 720, na ile kamili ni 1920 kwa 1080. Hata king'amuzi kipokee HD safi kutoka mbinguni, kikifika kwenye ule waya kinalazimika kuishusha. Inatakiwa HDMI. Mafundi wengi wanaunga rangi tatu kwa mazoea.

Nakuru Ndani

Habari ndugu zangu wa Tanzania. Sisi huku Kenya baada ya kuzima analogi 2015, wengi hatukununua dishi. Ukiwa na TV yenye kipokezi cha DVB-T2 (dijitali ya minara ya ardhini) ndani, au kile kisanduku cha kununua mara moja, unapata stesheni za hapa nchini bure, na baadhi zinapendeza kwelikweli. Unachohitaji ni antena nzuri ya nje na kujua mnara uko wapi.

Makosa niliyoyafanya mimi. Nilinunua ile ndogo ya kuweka juu ya TV, ina taa ya buluu na imeandikwa mambo makubwa kwenye boksi. Takataka. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akaniuzia ile ya mifupa ya samaki, alumini, nikaiweka juu ya bomba la mita nne. Bado stesheni zinaruka. Kumbe nimeilaza mifupa wakati mnara wetu unarusha mawimbi yaliyosimama, au kinyume chake, sikumbuki tena. Nilitazama antena za majirani, wote wameweka upande ule, nikaigeuza nyuzi 90. Papo hapo stesheni zote zikaingia.

Ya pili ni busta. Niliambiwa busta ndiyo dawa. Busta haitengenezi mawimbi, inakuza kilichopo pamoja na kelele zake. Kama upo karibu na mnara inaweza hata kukuharibia, kipokezi kinalewa. Busta ina kazi kama waya wako ni mrefu sana au unagawa TV tatu, na iwekwe juu karibu na antena, siyo nyuma ya TV.

Enzi za analogi ulikuwa unaona chenga, unajua mawimbi ni hafifu, unavumilia. Dijitali haina chenga. Ni nzuri, nzuri, nzuri, halafu hakuna. Kwa hiyo picha kuwa safi leo haimaanishi uko salama, unaweza kuwa ukingoni kabisa na hujui, hadi miti ya jirani iote majani.

Kichwa Ngumu

"Kipokezi kinalewa." Naiba hiyo.

Mimi nina swali. Nina king'amuzi sebuleni, nataka cha pili chumbani, dishi moja. Nikanunua kile kigawanyio cha shilingi elfu mbili. Mmoja akibadilisha chaneli mwingine anapoteza picha. Nyumba imegawanyika kambi mbili.

Fundi wa Bati

Kigawanyio kirudishe dukani. King'amuzi kinaiamuru LNB kwa volti: kikituma 13 inatoa mawimbi yaliyosimama, kikituma 18 inatoa yaliyolala. Juu ya hapo kuna mlio wa kHz 22 wa kuchagua masafa ya chini au ya juu. Sasa wewe umeweka mabosi wawili wanaomwamuru mfanyakazi mmoja, huyu anasema simama, yule anasema lala. Nunua LNB yenye matundu mawili, kila king'amuzi kiwe na waya wake hadi juu. Yapo ya matundu manne pia.

Kile cha kuunganisha madishi mawili kwenye kipokezi kimoja ni kitu kingine, wanakiita DiSEqC, wengine dizeki. Msichanganye.

Na kwa mwanzisha uzi, usiwape watu matumaini ya uongo kuhusu mvua. Umepona kwa sababu ubora wako ulitoka chini ukafika 78, una akiba. Ila mvua ya masika ikishuka ile ya kweli, itakata tu. Haya madishi madogo yanatumia masafa ya GHz 10.7 hadi 12.75, wimbi lake lina urefu kama sentimita mbili na nusu, matone makubwa yanalimeza na kulitawanya. Yale madishi makubwa ya nyavu ya futi sita na kuendelea, ambayo wazee walikuwa nayo, yanatumia GHz 3.4 hadi 4.2, wimbi refu, mvua haiyasumbui sana. Mpaka leo ukiwa na hilo ukalilenga nyuzi 68.5 mashariki kwa Intelsat 20 kuna chaneli za bure, nyingi za dini na za Kihindi. Mimi ninalo moja, kuku wanalala chini yake.

Mswahili wa Maskati

Asalam aleikum. Mie nipo Maskati, hapa madishi yetu yanatazama nyuzi 26 mashariki kwa Arabsat. Nataka kumwekea bibi yangu stesheni za nyumbani, anauliza habari za Unguja kila siku. Nikilizungusha dishi hadi hiyo nyuzi 7 nitapata?

Fundi wa Bati

Waleikum salaam. Setelaiti utaiona, maana haijifichi, lakini mwale unaobeba chaneli za huku umeelekezwa Afrika kusini mwa Sahara. Ni kama tochi: unaweza kuiona tochi yenyewe na bado ukawa gizani kwa sababu haikumuliki. Usinunue dishi kwa ajili hiyo. Kwa bibi tafuta njia ya intaneti, stesheni nyingi zinarusha huko.

Mswahili wa Maskati

Ahsante mzee wangu, umeniokoa riali. Intaneti anaikataa, anataka kubonyeza namba moja tu kwenye rimoti. Nitajua la kufanya.

Mwalimu wa Jiografia

Naomba niulize ambacho hakijaulizwa. Niko Temeke. Machi iliyopita, siku kama nne tano mfululizo, mbingu nyeupe bila wingu, ikifika kwenye saa tisa alasiri picha inaganda dakika kadhaa kisha inarudi yenyewe. Nilimwita mtu akanibadilishia koneka. Siku mbili baadaye tatizo likaisha, nikamsifu sana.

Mzee wa Feri

Mwalimu wa jiografia unauliza hili?

Mwalimu wa Jiografia

Sijaelewa.

Fundi wa Bati

Ni jua, mwalimu. Karibu na Machi 21 na Septemba 23 jua linapita juu ya ikweta, na setelaiti ziko huko huko. Kuna dakika linakaa nyuma kabisa ya setelaiti yako, na jua lenyewe linatoa kelele za mawimbi, LNB inasikia jua kuliko setelaiti. Kwetu tulio kusini ya ikweta inatokea siku chache baada ya tarehe ya Machi na siku chache kabla ya ile ya Septemba. Dishi la nyuzi 7 hapa Dar linapatwa alasiri kwa sababu ndipo jua linapofika upande ule. Ukitaka kuhakikisha, muda huo angalia kivuli cha LNB kinaangukia wapi juu ya dishi. Kwa haya madishi yenye mkono wa chini kitakuwa kwenye ukingo wa chini wa dishi.

Mwalimu wa Jiografia

Nimefundisha ikwinoksi miaka kumi na moja. Yule bwana nilimpa na soda.

Kichwa Ngumu

Nimecheka hadi bosi ameniangalia.

Mzee wa Feri

Jambo moja nilisahau, na hili halina utani. Kabla hujainua bomba angalia nyaya za umeme zinapopita, bomba la mita nne likiwa mkononi linafika mbali kuliko unavyodhani. Bati likiwa na umande usipande. Na siku ya radi chomoa waya wa dishi pamoja na wa umeme, wengi wanachomoa wa umeme tu wakadhani wamemaliza.

Binti Kariakoo

Nimerudi jamani, siku tatu sikupata nafasi. Nimeangalia. Ni ule wa rangi tatu. HDMI nimeikuta ndani ya boksi la king'amuzi, juu ya kabati, imefungwa bado na kile kiwaya cha kusokota, haijawahi kufunguliwa. Miezi minane nalipia HD! Nimechomeka, picha imebadilika kidogo lakini siyo ile mnayoisema.

Fundi wa Bati

Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, sehemu ya picha. Imeandikwa namba gani, 576, 720 au 1080?

Binti Kariakoo

576.

Fundi wa Bati

Ipandishe hadi 1080, ukubali, usubiri kioo kiwe cheusi kidogo, usiogope.

Binti Kariakoo

Wacha wee. Kumbe yule mtangazaji ana kidoti shavuni.